Bahari Niliyomuuzia Bibi wa Mirdif

Kwa miaka sita niliuza bahari ambamo sikuwahi kutia hata kidole cha mguu. Tulikuwa wakala wa safari, ghorofa ya pili ya jengo moja pale Oud Metha, Dubai, juu ya kliniki ya meno, na mashine ya kukerezea meno ilikuwa ikilia chini yetu siku nzima huku sisi tukiwaeleza watu kwenye simu habari za utulivu wa pwani ya bahari ya Baltiki, kule Poland. Bosi wetu, tuliyemwita arbab mbele yake na majina mengine nyuma yake, alikuwa na sheria moja tu: mteja akikuuliza kama umefika, umefika. Marufuku kusema "nasikia". Marufuku kusema "wanasema". Unaanza na "nilipokuwa kule", kisha unaendelea.

Basi nilipokuwa kule nilivaa sweta mwezi wa saba. Nilipokuwa kule nilikula samaki wa kukaushwa kwa moshi mpaka mikono ikanuka wiki nzima. Nilipokuwa kule nilinyeshewa mara tatu kwa siku moja. Mimi, binti wa Tanga, ambaye safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ile ya ndege iliyonileta Dubai, na nilisinzia njia nzima.

Kusema kweli pwani ile niliijua. Niliisoma kama anayesomea mtihani, ramani nimeibandika mbele ya meza, vidole vikipita mji mpaka mji. Gdańsk ndiyo mji wa bandari na wa kaharabu, ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe, na kaharabu ndiyo iliyowalainisha wazee wa hapa, kwa sababu mzee wa Kiarabu akisikia kuna mji mzima unachonga tasbihi za kaharabu hataki tena kujua mengine. Pembeni yake ni Sopot, wenye gati refu la mbao lisilopakia wala kupakua chochote. Watu wanatembea mpaka mwisho wa gati, wanatazama maji, wanageuka, wanarudi. Kwetu Tanga mtu akifanya hivyo siku mbili mfululizo majirani wataulizana kama ana matatizo nyumbani. Mbali zaidi magharibi kuna Kołobrzeg, ambako wazee hulowekwa kwenye maji ya chumvi na kupakwa matope kwa amri ya daktari, tena wanashukuru. Kati ya hapo kuna Łeba, yenye vilima vya mchanga vinavyohama. Łeba tuliifuta kwenye kijitabu chetu. Arbab alisoma mstari ule, akavua miwani, akaniuliza ni nani atakayeondoka Dubai kwenda kuangalia mchanga.

Na kisha kuna Hel, kidole chembamba cha mchanga kilichonyooka baharini, upande mmoja ghuba, upande mwingine bahari kuu, kuna mahali unaweza kuvuka kutoka maji haya hadi maji yale kabla ya kumaliza koni ya aiskrimu. Hel ndiyo niliipenda. Juu ya Hel nilisema uongo kwa moyo wangu wote.

Tulichokuwa tukiuza hasa ni mvua. Mwezi wa saba Dubai ukigusa kitasa cha mlango wa gari unaruka, kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kumwambia mtu kwamba ipo pwani ambako atatetemeka. Nakumbuka mteja mmoja alirudi amenuna, akadai tumemdanganya: siku saba zote jua liliwaka, hakupata hata manyunyu. Nilimwomba radhi kwa niaba ya mbingu. Nilikuwa nimeshazoea kusema kwa niaba ya mambo nisiyoyajua.

Mwaka ule wenyeji wa hapa walikuwa wamekwisha ruhusiwa kuingia Ulaya bila viza, na simu zetu hazikupumua. Pasipoti yangu ya Tanzania ilikuwa na habari nyingine. Arbab aliniombea viza mara mbili ili nikauone huo mzigo ninaouza, na mara mbili ubalozi ukaona kwamba mtu kama mimi akionja ile baridi hatarudi. Sawa. Niliendelea kurudi kutoka kule kila siku, bila viza yao.

Yule bibi aliingia ofisini wiki moja kabla ya Ramadhani, na mwanawe, bwana mmoja mpole wa makamo aliyekuwa akiangalia saa. Walikuwa wanakaa mtaa wa Mirdif. Bibi alivaa abaya, ameshika mkongojo wa mti mweusi, na alinisikiliza nikiongea na mteja mwingine kwa simu mpaka nikamaliza.

"Wewe wa wapi, mwanangu?" akaniuliza kwa Kiswahili. "Kiarabu chako kina tui la nazi."

Nikamwambia Tanga. Akasema yeye wa Unguja, mjini, na kwamba ameondoka huko msichana na hajarudi. Pasipoti yake ilikuwa ya hapa, wajukuu zake wa hapa, lakini mdomo wake ulikuwa haujahama mtaa. Akamwambia mwanawe akae, na yeye akanieleza shida yake mwenyewe.

Magoti yalikuwa yamekwisha. Kiangazi kile kile angepasuliwa yote mawili, na daktari hakumficha: kwa umri wake huenda akasimama tena, huenda asisimame. Kabla ya kisu alitaka kitu kimoja. Alitaka kutembea tena pwani maji yakipwa, kama walivyokuwa wakitoka na mama yake na shangazi zake, wanawake peke yao, mchanga mbichi chini ya nyayo, wakiokota kombe na chaza mpaka maji yaanze kuwarudisha.

"Kwa miguu hii niliyozaliwa nayo," akasema. "Si ya kutengenezewa."

Nikamuuliza kwa nini asiende Unguja. "S'endi," akajibu. "Nyumba yetu ina wenyewe wengine. Nipite njiani nizione nguo za watu zimeanikwa dirishani kwangu? S'endi." Na hapa Dubai, pale alipokuwa akitembea alipoolewa, palishajazwa mawe na hoteli juu yake. Mwanawe alijaribu kumpoza mwaka uliopita kwa kumpeleka Hatta, kule milimani, akamkalisha kitini mbele ya bwawa.

"Bwawani, mwanangu," bibi akaniambia, mwanawe akiwa pale pale anainamisha kichwa. "Nimemwambia bahari, kanipeleka kwenye maji ya kunyweshea mbuzi."

Nikacheka, na moyo wangu ukamwendea moja kwa moja. Sikuwa nimeongea hivyo na mtu kwa miezi. Nikaitoa Hel kabatini na kumtandikia mezani: baridi, msitu wa misonobari, mchanga mweupe laini, nyumba ndogo ya wageni kijiji cha Jastarnia, hatua chache kutoka ufukweni. Akaangalia picha moja moja. Kisha akaniuliza swali lake.

"Nakuuliza moja tu. Bahari yake inakupwa?"

Mpaka leo nikikumbuka swali lile masikio yananiwaka. Sikuangalia popote. Kwani niangalie nini? Mimi nimezaliwa mahali ambapo bahari huondoka na kurudi mara mbili kwa siku, hakuna aliyewahi kunifundisha hilo, kama vile hakuna aliyenifundisha kwamba kuku ana mabawa. Bahari ni kitu kinachokupwa. Hata kule Tanga mtu akikuahidi kukutana nawe pwani anakwambia maji yakiwa wapi, hasemi saa.

"Inakupwa, bibi," nikasema. "Nilipokuwa kule, asubuhi maji yalikuwa yanatoka mpaka mtu akitangulia mbele humtambui tena ni nani."

Nilipoona macho yake nikaongeza na kombe. Nikamwekea kombe za rangi ya waridi, ndogondogo, za kujaza kikapu. Mwanawe alitia saini siku ile ile, na bibi akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea dua ndefu ambayo sikustahili hata nusu yake.

Waliondoka baada ya sikukuu: yeye, mwanawe na mkwewe, kwa wiki mbili. Kupiga simu kwa mtandao Dubai kumezuiwa, kwa hiyo bibi akawa ananitumia ujumbe wa sauti, kila asubuhi, nami nausikiliza jikoni ofisini huku birika linachemka. Wa kwanza ulikuwa furaha tupu. Kulikuwa na baridi. Alikuwa amevaa soksi mbili mbili. Na watu wa kule aliwapenda, isipokuwa jambo moja.

"Wana stara, mwanangu, na hawana," ikasema sauti yake. "Kila mtu akifika ufukweni anachomeka vijiti, anajizungushia kitambaa, anajijengea ua wake mzuri kabisa. Nikasema masha Allah. Kumbe ndani ya ua wanavua nguo zote." Akapumua. "Sasa nambie, maji yanatoka saa ngapi?"

Nikamjibu kwamba asubuhi. Ningejibu nini kingine?

Siku ya pili: "Nimechomeka mkongojo wangu pale maji yalipofika, baada ya alfajiri. Tumekunywa chai, tumerudi. Mkongojo uko pale pale na maji yapo pale pale."

Siku ya tatu asubuhi, kwa sauti ile ile isiyo na haraka: "Bado, mwanangu. Hayajatoka. Unasemaje?"

Niliteremka chini kuvuta pumzi, na kwenye meza ya mapokezi alikuwapo askari wa jengo letu, kijana wa Uganda ambaye tulizoea kutaniana. Nikamweleza, nikicheka cheka, kwamba kuna mteja wangu analalamika eti bahari haitaki kuondoka. Yeye hakucheka. Aliniomba nimwonyeshe ramani kwenye simu, akaikuza kwa vidole viwili, akafuata ukingo wake wote.

"Hii mlango yake iko wapi?"

Nikamwonyesha vijinjia vyembamba kule Denmark.

"Na chumvi iko?"

"Kidogo sana, ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi, madam, hii ni ziwa," akasema na kunirudishia simu. "Mimi ni mtu wa Jinja. Maji ya ziwa inakaa hapo tu. Inaenda wapi?"

Kijana ambaye hakuwahi kuuza hata tiketi ya basi alimaliza kwa dakika mbili kile nilichokuwa nikikihubiri kwa miaka. Nikapanda juu nikaandikia nyumba ya wageni, na dada wa mapokezi wa kule akajibu kwa adabu kubwa kwamba bahari yao haifanyi hivyo, haijawahi, na kwamba wangependa kujua mgeni wao aliambiwa hayo na nani. Nikaufuta ujumbe ule kabla arbab hajapita.

Lakini lililonimaliza ni jingine. Nilitoa faili la karatasi tulizoletewa mwanzoni na wakala wa kule Poland, zile nilizozitafsiri kwa Kiarabu kutengeneza kijitabu chetu. Ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa cha usalama wa watoto, palikuwa na mstari: bahari hii haina maji kupwa wala maji kujaa ya kuonekana. Na juu ya mstari ule palikuwa na kalamu nyekundu. Kalamu yangu. Nilikuwa nimeusoma, nikaona hawa Wazungu wamekosea kuchapa, nikawasahihisha.

Kumwambia ukweli kungechukua pumzi moja. Ningesema, bibi, nimekosea, sijawahi kufika, nisamehe. Kwenye zile wiki mbili zilikuwa zimebaki siku kumi na moja, angeweza kupelekwa pengine, hata bahari ya Kaskazini upande wa Ujerumani, ambako maji hukimbia maili nzima. Nilishika simu. Nikafungua mdomo. Na kilichotoka, Mungu anisamehe, ni hiki:

"Bibi, mwezi sasa ni nusu, ni maji mafu. Subiri bamvua. Likifika la mwezi kumi na tano utayaona."

Kila mtu wa pwani anajua hesabu hiyo: mwezi ukiwa nusu maji hayaendi mbali, ukijaa ndilo bamvua, yanatoka mbali kuliko siku zote. Nilichukua elimu ya bibi zangu nikamdanganyia bibi wa mwenzangu. Nilijua uongo ule utamwingia namna gani, kwa sababu ungeniingia hata mimi.

"Haya, mwanangu," akajibu. "Wewe ndiye uliyefika."

Nilipomweleza arbab, alicheka mpaka akashika tumbo. Akaniambia khalas, yameisha, mama yuko kwenye baridi, anakula vizuri, bahari ipo au haipo? Ipo. Sasa alitaka iende wapi? Kisha akaniambia nimefanya vizuri sana kukumbuka mwezi, na kwamba hiyo ndiyo tofauti ya muuzaji na karani. Sikuwahi kusifiwa ofisini mle nikajisikia mchafu vile.

Siku ya kumi na tano ya mwezi ikafika. Mkwewe alinitumia picha: bibi amesimama ufukweni na koti la mwanawe limemfika magotini, mkongojo umesimama mbele yake, maji yanalamba ncha yake kama jana na juzi. Nyuma yake zile nyua za vitambaa, milia ya kila rangi, na vichwa vya watu vinachungulia. Ujumbe wa sauti ukafuata. "Leo ndiyo kumi na tano. Maji yapo pale pale. Unasemaje?"

Nikasema ni upepo. Upepo wa kaskazini unayazuia. Kesho yake nikasema wakati mwingine huchelewa siku mbili. Kesho kutwa nikasema nilipokuwa kule iliwahi kutokea hivyo hivyo. Nilikuwa nampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mtu aliyeniombea dua, na kila nikituma nilikaa nikiisubiri ile alama ya kwamba amesikiliza, kisha nikaona haya kuinua macho hata mbele ya birika. Yeye alijibu neno moja tu kila mara, haya, na asubuhi inayofuata akauliza tena, kwa upole ule ule.

Walirudi. Siku tatu zikapita. Ijumaa akanitumia ujumbe: njoo unywe chai.

Nyumba yao Mirdif ilikuwa na baridi kuliko Hel yenyewe. Msichana wa kazi akanipeleka sebuleni, bibi amekaa, miguu imewekwa juu ya mto, na ukutani kiti cha magurudumu kimekunjwa, nailoni yake ya dukani haijatolewa. Kulikuwa na vitumbua na chai ya tangawizi. Hakunipa nafasi ya kumaliza salamu.

"Bahari ile haipwi," akasema. "Ulijua?"

Nilikuwa nimejipanga njia nzima kwenye teksi. Nilikuwa nimeandaa habari ya upepo, na nyingine ya mabadiliko ya hali ya hewa. Nikamwangalia usoni na zote zikanipotea.

"Nilijua siku ya tatu, bibi."

"Mimi nilijua siku ya pili." Akasukuma sahani ya vitumbua upande wangu. "Yuko bibi mmoja pale anauza samaki wa moshi. Mkwe wangu kamuuliza kwa simu yake ile inayofasiri. Yule mama kacheka mpaka kakaa chini. Kasema yeye kazaliwa pale, na mama yake kazaliwa pale, na maji hawajayaona yakienda mahali."

Nikaweka kikombe chini. "Sasa bibi, ulikuwa unaniuliza kila siku kwa nini?"

"Tangu siku ile mkongojo nauchomeka kwa ajili yako," akasema. "Mwanangu kila siku ananiambia, mama tuhame, twende kwengine, kuna bahari nyingine. Nikamwambia ngoja. Huyu mtoto wa Tanga. Huyu atasema tu. Leo atasema, kesho atasema. Siku kumi na mbili nimekungoja wewe."

Hakupandisha sauti hata kidogo, na ingekuwa nafuu angepandisha. Nikamwambia sijawahi kufika Hel. Nikamwambia habari ya pasipoti, sheria ya arbab, kalamu nyekundu, yote, nikilia kijinga na sukari ya kitumbua imenijaa vidoleni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia Jumanne anaingia hospitali.

"Leo Ijumaa," akasema. "Mwanangu ana gari, na mimi miguu bado n'nayo. Niambie kitu kimoja. Hapa Dubai, pwani iliyobaki, maji yanatoka saa ngapi?"

Miaka sita. Nilikuwa najua umbali wa Gdańsk mpaka Hel kwa boti na kwa treni. Nilikuwa najua ni mwezi gani misonobari ya Jastarnia inatoa harufu kali. Bahari ya hapa ilikuwa dakika kumi na tano kutoka kitandani kwangu, na sikuwahi kuitazama ikienda.

"Sijui, bibi," nikasema.

Akaegemea nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu niingie uso wake ukalegea.

"Haya," akasema. "Kunywa chai yako, kisha ukamuulize mtu anayejua."